Nesi akisema "subiri" thieta, daktari asimame?

Muuguzi wa Nyegezi:
Wana Mwanza, naleta hoja. Nesi wa thieta, yaani chumba cha upasuaji, akisema "subiri, gozi moja haionekani," (gozi ni kitambaa cha kufyonza damu), tumbo lisifungwe mpaka ipatikane, hata kama aliyeshika kisu ni bingwa. Na kesho yake nesi huyo asipewe barua ya kujieleza.

Mnakumbuka mwaka 2007, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, wagonjwa wawili wenye jina moja walichanganywa: wa goti akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa goti. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani likatoa orodha ya usalama wa upasuaji yenye vipengele 19, isomwe kwa sauti kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kuchana ngozi na kabla mgonjwa hajatolewa chumbani. Ilijaribiwa katika miji minane, Ifakara yetu ikiwamo. Kwa jumla vifo vya waliopasuliwa vikashuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Huku kwetu nimeona fomu ikijazwa yote mgonjwa akiwa ameshafika wodini. Inaniuma, maana anayehesabu gozi ni nesi, na nesi mdogo amelelewa asimkatize mkubwa.

Daktari wa zamu:
Sista, mama anayevuja damu baada ya kujifungua hasubiri hesabu. Nikisimama kwa kila neno nitampoteza. Halafu Ontario, Kanada, hospitali 101 ziliitumia orodha hiyo. Utafiti wa 2014 haukuona vifo vikipungua kwa kiwango cha maana. Na mkiondoa adhabu, mmelinda uzembe.

Muuguzi wa Nyegezi:
Daktari, dharura ina njia yake: zuia damu, funga, kisha piga eksirei kuitafuta gozi. Ontario hospitali ziliagizwa kuripoti kwamba zinaitumia, na karibu zote zikaripoti hivyo. Fomu kujaa si watu kusemezana. Kuhusu adhabu, anayekuja kazini amelewa aadhibiwe. Aliyekosea hesabu akasema mwenyewe, huyo ukimwadhibu, wenzake wote watanyamaza.

Mama wa Kirumba:
Mnabishana wenyewe kwa wenyewe. Mwanangu akiachiwa kitambaa tumboni, mimi naambiwa lini?

Muuguzi wa Nyegezi:
Siku hiyohiyo, mama, na akwambie daktari aliyempasua, asitumwe nesi wa usiku. Nimeliongeza kwenye hoja.

Daktari wa zamu:
Hilo la ndugu naliunga mkono. La kusimama kwa kila "subiri", bado hujanishawishi.