Mtoto wa miezi 5, kuhara damu na fistula: tuanze na vipimo gani vya kinga na jeni?

Zamu_ya_Watoto aliuliza:

Habari za kazi wadau. Naomba mnisaidie kupanga vipimo. Mtoto wa kiume, miezi 5, anaharisha damu tangu wiki ya 6. Uzito umekwama, ana fistula (vijitundu visivyo vya kawaida vinavyotoka utumboni) mbili kando ya njia ya haja kubwa, na vipele vya usaha vinavyopona na kurudi. Maziwa ya ng'ombe yameondolewa wiki 4, na mama anayenyonyesha naye kayaacha, hakuna nafuu. Kinyesi hakina amiba wala bakteria wa kuhara, VVU hana. Kolonoskopi (kamera ya kuangalia utumbo mpana) imeonyesha vidonda vyenye kina kirefu kwenye utumbo mpana. Kuna wazo la kuanza infliximab (dawa ya kuzuia TNF, protini inayochochea uvimbe) wiki hii. Je, tuanze, au kuna cha kutangulia?

Tumbo_na_Ini:

Dokta, infliximab isubiri kwanza. Crohn (ugonjwa sugu wa uvimbe wa utumbo) ya kijana wa miaka 14 hutokana na jeni nyingi, kila moja ikiongeza hatari kidogo tu. NOD2, iliyogunduliwa 2001, ni mojawapo kati ya maeneo zaidi ya 200 yanayojulikana. Ugonjwa unaoanza kabla ya miaka 6, na hasa kabla ya miaka 2, unadai swali jingine: je, kuna jeni moja iliyoharibika ambayo peke yake inatosha kuleta yote haya?

Picha uliyoeleza, yaani miezi ya mwanzo, fistula na vipele vya usaha, ndiyo ya kasoro ya kipokezi cha IL-10, protini ya kutuliza uvimbe (jeni IL10RA au IL10RB), iliyoelezwa mara ya kwanza 2009. IL-10 ndiyo breki ya makrofeji, seli za kinga zinazomeza vijidudu. Kipokezi kikifa, STAT3, protini inayopeleka ujumbe wake ndani ya seli, haiwashwi, na makrofeji zinaendelea kumwaga TNF na IL-1 hata kwa bakteria wa kawaida wa utumbo. Steroidi na infliximab kwa kawaida hazitoshi hapo; tiba ni kupandikiza uboho.

Lakini kinachonitia hofu zaidi ni CGD, ugonjwa ambao neutrofili (aina ya seli nyeupe za damu) zinameza vijidudu zikashindwa kuviua. Utumbo wake unafanana kabisa na Crohn, una fistula na granuloma (vinundu vya seli za kinga). Ukimpa mtoto huyo dawa ya kuzuia TNF, fistula inaweza kufunga huku fangasi na bakteria wakisambaa mwilini, vifo vimeripotiwa. Ndiyo maana DHR, kipimo cha damu cha CGD, inatangulia infliximab.

Maabara_Kinga:

Naongezea upande wa sampuli, maana majibu mengi huharibikia hapo.

DHR: damu kwenye kichupa cha heparini (kifuniko cha kijani), joto la chumba, USIWEKE FRIJI, ifike ndani ya saa 24. Itumwe pamoja na damu ya mtu mzima mwenye afya iliyotolewa saa ileile. Bila hiyo, jibu baya linaweza kuwa ni neutrofili zilizofia njiani. Omba na ya mama: mbebaji wa kasoro ya CYBB (jeni ya CGD iliyo kwenye kromosomu X) huonyesha makundi mawili ya seli, zinazowaka na zisizowaka. Kumbuka pia kwamba upungufu wa myeloperoxidase (kimeng'enya cha neutrofili) unaweza kuiga CGD kwenye kipimo hiki.

Picha kamili ya damu isomwe kwa viwango vya umri. Limfosaiti 2,000 kwa mikrolita ni sawa kwa mtu mzima, ila kwa mtoto wa miezi 5 ni chache na ni dalili ya hatari. Chembe sahani nazo: mtoto mwenye uvimbe mkali anayetoka damu hutegemewa awe nazo nyingi. Zikiwa chache, tena ndogondogo, fikiria Wiskott-Aldrich, ugonjwa wa kinga wa kurithi (jeni WAS).

Pima kingamwili IgG, IgA, IgM na IgE, pamoja na hesabu ya seli za kinga T, B na NK. Kwa umri huu sehemu ya IgG bado ni ya mama, usiitegemee sana. IgE ikiwa juu sana pamoja na ukurutu au kisukari, tafuta kasoro ya jeni FOXP3. Kama ameongezewa damu au kingamwili, andika tarehe kwenye fomu.

Kwa IL-10, kupima kiwango chake kwenye damu hakusaidii. Tunachopima ni kama seli zinaitikia: tunazichokoza kwa LPS (kipande cha ukuta wa bakteria), tunaweka IL-10, kisha tunaangalia kama TNF inashuka. Ikishuka, kipokezi ni kizima, ingawa jeni ya IL10 yenyewe bado inaweza kuwa mbovu.

Zamu_ya_Watoto:

Asanteni sana. DHR inatoka kesho. Mama amesema ndugu zake wawili wa kiume walifariki wakiwa wachanga. Na eksomu (kipimo kinachosoma sehemu za jeni zinazotengeneza protini) ikirudi safi, tuishie hapo?

Jeni_na_Ukoo:

Hao wajomba ni habari kubwa, Dokta. Vifo vya wajomba, ndugu wa kiume wa mama, vinaelekeza kwenye jeni za kromosomu X: CYBB, XIAP, FOXP3, WAS, IL2RG. Chora ukoo wote, na uliza pia kama wazazi ni binamu. Hilo lingerudisha uzito kwa IL10RA na wenzake, ambazo mtoto hurithi nakala mbovu kwa wazazi wote wawili.

Eksomu safi haifungi faili. NCF1, mojawapo ya jeni za CGD, ina nakala bandia mbili zinazoichanganya mashine, kwa hiyo DHR mbaya inashinda eksomu safi. XIAP nayo: protini inaweza kuonekana ipo lakini haifanyi kazi, basi omba kipimo cha monosaiti zinavyoitikia kichocheo cha NOD2. Tuma DNA za watatu, mtoto na wazazi wote wawili, kwenye vichupa vya EDTA.

Msikimbilie kupandikiza uboho kabla ya kujua jeni. Kwa IL10RA, XIAP au CGD unaponya utumbo. Kwa jeni TTC7A kasoro iko kwenye seli za utando wa utumbo wenyewe, na uboho mpya hauzibadilishi.

Chanjo hai zote (zenye vijidudu hai vilivyodhoofishwa) zisimame kuanzia leo. Kama alishachanjwa BCG (ya kifua kikuu), papasa kwapa la upande huo kuona kama tezi zimevimba, kila siku mnapopita wodini.