Nahamia Dodoma kikazi: Makole, Nzuguni, Ihumwa, au familia ibaki Dar?

MtuWaSegerea
Habari za jioni wadau. Nimehamishwa kikazi kutoka Dar, natakiwa kuripoti Mtumba, kwenye mji wa Serikali, mwanzoni mwa Novemba. Nina mke na watoto wawili, mkubwa yuko darasa la tatu, mdogo chekechea. Mshahara ukishakatwa makato yote nabaki na 870,000. Hapa Segerea tunalipa 250,000 kwa vyumba viwili na sebule. Akiba yangu yote ni 1,400,000.

Wiki iliyopita nilikuja Dodoma siku mbili, nikazunguka na madalali wawili. Kila mmoja alitaka 10,000 ya kuonyesha kabla hatujapanda bodaboda, na ukipata nyumba anachukua kodi ya mwezi mmoja. Nilizoziona ni hizi:

Makole: chumba, sebule, jiko na choo ndani, 250,000, miezi sita mbele.
Nzuguni: vyumba viwili na sebule, 200,000, miezi sita mbele. Luku, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, ni ya kushea na wapangaji watatu.
Ihumwa: nyumba nzima ya vyumba viwili, ina fensi, 180,000, miezi mitatu tu. Maji hayajaunganishwa.

Njia ya nne ni nipange chumba masta hapo Mtumba kwa 100,000, familia ibaki Segerea, niwe naenda kila baada ya wiki mbili kwa treni.

Makole na dalali wake ni 1,750,000, sina. Nzuguni na dalali ni 1,400,000 kamili, sibaki na hata ya kukodi fuso la vyombo. Kwa hiyo moyo unaelemea Ihumwa. Naombeni mlioko huko mnisaidie kupima kabla sijalipa.

KijanaWaIhumwa
Karibu sana mkuu. Nimekaa Ihumwa mwaka mmoja na nusu, familia ya watu wanne kama yako, kwa hiyo hiyo nyumba ya 180,000 naijua bila kuiona. Kodi imeshuka kwa sababu maji ni juu yako. Sisi tulikuwa tunatumia madumu manane kwa siku, na hapo nguo tunafua Jumamosi tu. Dumu moja 300 likiletwa mpaka mlangoni. Ni 2,400 kwa siku, 72,000 kwa mwezi. Jumlisha na kodi, umefika 252,000. Hiyo ni bei ya Makole, mkuu, na bado huna bomba.

Baadaye nilinunua simtanki la lita 1,000, nikawa naita boza kwa kuchangia na jirani, maana dereva haji kwa mteja mmoja. Lita 1,000 tulipata kwa 10,000, dumu likarudi kwenye 200. Nikaokoa kama 24,000 kila mwezi, na tanki nilipohama nilihama nalo. Ila hayo maji ya kisima yana chumvi. Birika la chai lilikuwa linaota ukoko mweupe ndani ya wiki mbili, na nguo zinakula sabuni. Ya kunywa tulinunua kando.

Na vumbi nalo. Mwezi wa nane upepo ukivuma, linapita chini ya mlango. Nilishafunua bakuli la sukari, lenye mfuniko wake, nikakuta sukari imeingia rangi ya udongo. Mtoto akiwa na shida ya kifua, fikiria mara mbili.

Uzuri wake ni kazini. Nilikuwa natoka nyumbani saa moja kamili, saa moja na nusu niko mezani, nauli ya siku haikuzidi 1,000. Ukikaa Makole weka 2,000 kwa siku, siku 22 ni 44,000, na saa kumi na mbili uwe umeshafika kituoni.

Mama Neema
Kaka yangu, pole na hongera kwa uhamisho. Nimesoma hesabu yako mara mbili nikitafuta kitu kimoja sijakiona. Mkeo anafanya kazi gani? Umehesabu kodi, dalali, mpaka fuso, lakini kipato chake hakipo popote. Kama ana shughuli hapo Segerea, kumhamisha kuna gharama kubwa kuliko lori.

MtuWaSegerea
Asante dada, ni kweli sikukiweka. Anashona. Ana cherehani mbili na binti wa kumsaidia, anashona sare za shule na vitenge vya sherehe. Mwezi mzuri anapata 300,000, mwezi mbaya 200,000. Ada ya chekechea na chakula cha wiki vinatoka kwake. Nilikuwa nawaza atafungua tena akifika.

Mama Neema
Atafungua, lakini ajiandae. Mimi nilikuja kutoka Mbagala na cherehani yangu, ikanichukua miezi mitano kupata wateja wa kudumu. Hapo ndipo hesabu yenu ilipo. Miezi mitano bila ile 250,000 yake ni 1,250,000 imepotea, zaidi ya kodi ya miezi sita ya nyumba ya Nzuguni.

Kwa hiyo akae mahali watu wanapita. Ihumwa watu wanatoka asubuhi kwenda kazini na kurudi jioni, mchana mtaa umelala. Makole kuna watu, lakini kodi ya fremu ya duka itamshinda mwanzoni. Nzuguni kuna soko la Job Ndugai na stendi kuu ya mabasi, watu hawaishi. Anaweza kuanza barazani na cherehani moja. Vitambaa atanunua soko la Majengo. Akiwahi kufika kabla ya Januari, sare zitamkuta.

Chakula kisimtie hofu. Unga na mafuta ya alizeti huku havinisumbui kama Dar, na mahindi ya Kibaigwa ukinunua gunia wakati wa mavuno unakaa nalo miezi. Samaki wa baharini ndio watamkumbusha nyumbani. Tunakula wa bwawa la Mtera, na mlenda, na watoto wanazoea.

FundiWaMita
Niseme la luku ya kushea, maana nimeshaitwa kuamua ugomvi wake mara nyingi. Mteja mdogo wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi analipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Familia nne kwenye mita moja haziwezi kubaki chini ya 75 hata mkizima taa saa mbili. Mita yenu inakuwa kwenye bei ya kawaida ya 292, ambako 10,000 inatoa uniti 28 hivi. Yaani mnalipia umeme karibu mara tatu ya yule mwenye luku yake anayetumia kidogo.

Halafu wa chumba cha mbele ana friji la kugandisha barafu za kuuza, na wewe mchango wako ni sawa na wake. Na mkeo ana cherehani na pasi, kwa hiyo kesho wewe ndiye utakayelaumiwa. Mwambie mwenye nyumba mfunge mita ndogo ya kugawa kwenye upande wako. Akigoma, gharamia mwenyewe akukate kwenye kodi, na iandikwe kwenye mkataba.

Ile 1,500 ya kodi ya jengo inayokatwa kwenye luku kila mwezi ni ya mwenye nyumba, siyo ya mpangaji. Liweke nalo mezani mapema.

Mzee wa Kikuyu
Mbukwenyi! Karibu mwanangu. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulipitishwa 1973, lakini kwa miaka mingi tuliishi na mji wa kawaida na kodi za kawaida. Serikali ilipoanza kuhamia kweli, 2016, ndipo mambo yalipobadilika. Sensa ya 2012 ilitukuta 410,956, ya 2022 ikatukuta 765,179. Watu wamekuja kuliko nyumba zilizojengwa, na maji ni yale yale tunayoyafukuzia chini ya ardhi.

Neno langu ni moja. Bunge la Bajeti ni Aprili mpaka Juni, na wakati huo chumba chenye hadhi kinatafutwa. Nina jamaa yangu alikuwa amepanga karibu na mjini kwa maneno ya mdomo, mwezi wa tatu akaambiwa nyumba inafanyiwa ukarabati, ahame. Wiki mbili baadaye aliona wageni wameingia na masanduku. Usikubali mkataba unaokatikia Machi. Hesabu miezi yako uvuke Juni, au uandike kabisa kwamba una haki ya kuendelea kwa kodi ile ile.

TreniYaIjumaa
Ile njia yako ya nne ndiyo maisha yangu tangu treni ya SGR ilipofika Dodoma Julai 2024, kwa hiyo acha nikupe picha kamili. Nauli ya treni ya kawaida ni 31,000. Kwenda na kurudi mara mbili kwa mwezi ni 124,000. Weka chumba 100,000 na Segerea 250,000, ni 474,000 kabla hujanunua chumvi. Unabaki na 396,000 na majiko mawili. Kwa kipato cha mkeo inawezekana, sikatai, na treni yenyewe haichoshi kama basi.

Kilichonishinda siyo hela. Mwezi wa sita nilifika nyumbani usiku, mwanangu wa miaka mitano akaniletea maji ya kunywa kwenye ile glasi ya kabatini, ya wageni. Mama yake alinyamaza, na mimi nikanyamaza. Nilikunywa yale maji. Januari nawaleta wote.

MtuWaSegerea
Nimeisoma hii na mke wangu, tumekaa mpaka saa sita usiku. Shikamoo mzee, na asanteni wote.

Tumeamua hivi. Novemba na Desemba nakaa chumba Mtumba, mmoja wa jamaa zangu amekubali tugawane kodi, 50,000 kila mtu. Mke wangu anamaliza oda za sherehe za Desemba na kuwaaga wateja wake, shule zikifungwa wanakuja. Ihumwa tumeiacha. Nimempigia mwenye nyumba wa Nzuguni mwenyewe, kodi itaanza Desemba. Amekubali miezi minne badala ya sita na mita ya kugawa, gharama yangu, akate kwenye kodi ya mwezi utakaofuata hiyo minne. Miezi minne ni 800,000, na dalali 200,000, nabaki na 400,000 ya fuso na mita. Ila mzee, minne kutoka Desemba inakatikia Machi hiyo hiyo uliyoitaja. Nitaomba kifungu cha kuendelea kwa kodi ile ile kiandikwe kabla sijatoa hata shilingi.

Jumamosi tunapanda treni ya asubuhi wote wawili. Anataka kuiona hiyo baraza na kuona watu wanaopita mchana.

KijanaWaIhumwa
Safi sana mkuu. Mkifika, kabla ya kusaini, fungua bomba la uani. Likikoroma upepo tu, usiondoke bado. Nenda kwa mpangaji wa chumba cha nyuma, umuulize maji hutoka siku gani na saa ngapi, na uangalie ana ndoo ngapi nje ya mlango. Dalali muache getini.

Mama Neema
Na shemeji akifika anitafute kwa ujumbe humu. Nina mteja wa sare ambaye nimezidiwa naye, shule moja nzima, nitamgawia nusu.