Majirani wa Mjimwema, Kigamboni: gari la kuchimba kisima linaingia kesho

*Jumatano jioni*

Mama Zai: Habari za jioni majirani. Kesho saa moja asubuhi gari la kuchimba kisima linaingia kwangu. Naomba wenye magari msiegeshe pale kona ya mwarobaini, ni refu halikati.

Dada Rehema: Hongera jirani 👏 unaagana na maboza ya maji sasa

Baba Imani: Hongera Mama Zai. Wamekwambia mita ngapi?

Mama Zai: 80. Laki na ishirini kila mita. Mimi nilitaka 40, fundi akasema huku pwani ukiishia 40 unakutana na chumvi, dawa yake ni kushuka zaidi.

Mzee Mwinyi: 80??? Unamfuata nani huko

Kaka Deo: 😂😂😂

Mzee Mwinyi: Unacheka nini mjukuu wangu. Kisima changu cha pete kina mita 9 na mama yenu mkubwa amelea watoto saba kwa maji yale.

Mama Swaumu: Shikamoo mzee. Mimi nilichimba 55, chumvi. Sufuria nyeupe, sabuni haitoi povu, hita ya bafuni imekufa. Fundi wangu naye alisema tungeongeza mita 20 tungepata tamu. Hela ikakata.

Baba Imani: Bora ilikata.

Baba Imani: Mama Swaumu hapo una matatizo mawili. Weupe wa sufuria na sabuni kugoma ni chokaa, kwa sababu mwamba wetu huku ni matumbawe. Chumvi ni jambo jingine, hiyo unaionja ulimini. Chokaa ukichemsha sehemu yake inaganda kwenye sufuria. Chumvi ukichemsha unaiongezea ukali tu.

Kaka Deo: Lakini Injinia, si kweli Kimbiji wameshuka mpaka karibu mita 600 na maji ni baridi? Kigamboni hii hii.

Baba Imani: Kweli kabisa, na hapo ndipo mafundi wanapotushika. Visima vya mradi vya Kimbiji na Mpera vinafuata mchanga ulio chini sana, juu yake kuna tabaka za mfinyanzi. Ni mamia ya mita, mabomba mengine, pampu nyingine, bajeti ya serikali. Mita 80 hazifiki huko. Kwa viwanja vyetu hivi vya kando ya bahari, 80 ni kuyavuka maji baridi ya juu na kwenda kuweka pampu kwenye chumvi.

Mama Zai: Sasa mbona yeye ana uzoefu wa miaka mingi

Mzee Mwinyi: Uzoefu wa kuhesabu mita

Dada Rehema: 😂😂 mzee leo

Baba Imani: Ngoja nieleze kidogo, mnivumilie. Maji baridi huku yanatoka kwenye mvua ya masika na vuli, yanazama mchangani, halafu yanaelea juu ya maji ya bahari kama mafuta juu ya mchuzi, kwa sababu ya bahari ni mazito kidogo. Kwa hesabu za kitabuni, kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari inabeba kama mita 40 za maji baridi chini yake. Sasa geuza hesabu. Ukivuta kwa fujo ukashusha ile ya juu kwa mita 1 tu na ikabaki hivyo, chumvi chini inaweza kupanda mita 40. Kwa hiyo si kina peke yake. Ni kina, ukubwa wa pampu, na saa unazoiwasha.

Mama Swaumu: Yaani chumvi inapanda kunifuata?

Baba Imani: Ndiyo. Naomba kila mwenye kisima aandike hapa kina na ladha. Mama Zai asilale kabla hatujamaliza.

Dada Rehema: Kwetu 28, tamu. Chai inatoka safi.

Mama Swaumu: 55 chumvi, nimeshasema.

Mzee Mwinyi: 9 tamu. Masika yanakuja na harufu.

Baba Imani: Mzee harufu hiyo si ya ardhini, ni shimo la choo la nyumba ya pili. Inatakiwa mita 30 au zaidi kati ya choo na kisima. Hayo yachemshwe kabla ya kunywa, au yawe ya kufulia tu.

Mzee Mwinyi: Nyumba ya pili nao wamo humu. Wamesikia.

Baba Samira: Tumesikia mzee 🙏 Sisi 31, ilikuwa tamu, toka Desemba imebadilika. Nilidhani ni tangi.

Kaka Deo: Na sisi pale nyumba ya wageni 36. Nayo toka Desemba.

Mama Swaumu: Desemba si ndio mlijaza bwawa la kuogelea?

Kaka Deo: Jamani msimu wa wageni

Mama Swaumu: Pampu ilikuwa inalia usiku kucha Deo. Mimi silali, nasikia.

Baba Samira: Kwa hiyo chai yangu ina chumvi kwa ajili ya bwawa 😐

Kaka Deo: Nitaongea na bosi. Si kisima changu mimi, ni msimamizi tu.

Baba Imani: Mwambie afunge pampu ndogo, avute taratibu mchana, na apumzishe. Akivuta kama Desemba atakuwa wa kwanza kunywa bahari, sisi tutafuata. Na lile paa lake kubwa akinge mvua. Paa la mita za mraba 100 kwa mvua ya milimita 1,000 ni lita 100,000 kabla ya zinazomwagika. Dar kwa mwaka kwa kawaida inapata zaidi ya hizo milimita.

Dada Rehema: Ule mgao wa maji wa Oktoba 2022 mto Ruvu uliposhuka, mimi simtanki langu la mvua ndilo lililoniokoa. Sitanii.

Mama Zai: Mnanichanganya. Nifanyeje kesho? Nimeshalipa nusu.

Baba Imani: Usighairi. Watoboe mpaka 40 hivi kwa kipenyo kidogo, wasiweke kwanza kesingi, yaani bomba la kushikilia kuta za shimo. Washushe kipimo cha umeme ndani ya shimo, kinaonyesha chumvi inaanzia wapi. Wakichimba kwa tope huwezi kuonja kitu, kwa hiyo usikubali ule mchezo wa kukuonjesha kikombe. Halafu wazibe chini, skrini, yaani mabomba yenye matundu ya kuingizia maji, zikae juu kabisa ya chumvi. Na omba uone leseni yao ya Wizara ya Maji, na kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu.

Mama Zai: Kibali amesema kwa kisima cha nyumbani hakuna haja

Baba Imani: Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ipo toka 2009. Mwambie akuandikie hayo maneno kwenye risiti.

Mzee Mwinyi: Hataandika.

*Alhamisi*

Mama Zai: Hakuandika 😂 Amenuna kuanzia saa moja. Anasema alipiga hesabu ya mita 80, nimemuongezea ya kipimo tukaelewana. Kibali ataanza kufuatilia, nimemshikia salio lake.

Dada Rehema: Safi sana

Mama Zai: Wametoboa 42. Kipimo kimesema chumvi inaanza 37. Wamejaza saruji chini, skrini ziko 18 mpaka 26. Sasa wanasafisha, maji bado yana tope.

Baba Imani: Waache mpaka yawe meupe, hata wakinuna. Nakuja na kipimo changu.

Mama Zai: TDS 610 👏👏👏

Baba Imani: Miligramu 610 za chumvi na madini yaliyoyeyuka kwa lita ni maji ya kunywa hayo kwa ladha, ukali unaanza kusumbua ukivuka 1,000. Peleka sampuli maabara wapime na vijidudu. Pampu ndogo tafadhali, jaza tangi polepole.

Mama Swaumu: Baba Imani, na changu cha 55 hakiwezi kuzibwa huko chini kikarudi juu?

Baba Imani: Kinawezekana, inategemea skrini zake zimeanzia wapi. Nitumie picha ya ile karatasi ya uchimbaji aliyokupa fundi.

Mama Swaumu: Karatasi gani?