Nimetozwa ushuru wa machungwa mara mbili, halmashauri mbili mkoa mmoja. Nishtaki wapi?

ChungwaBichi:
Wakuu habari za jioni. Mlionizidi umri, shikamooni.

Mimi ni kijana wa Tanga, nanunua machungwa vijijini napeleka Dar. Juzi nimepakia, ushuru nikalipa kulekule niliponunua, risiti nikatia mfukoni. Mbele nikakuta geti la halmashauri nyingine. Dogo wa pale akaitazama risiti, akaigeuza nyuma, akairudisha mbele, akasema "hii siitambui, lipia hapa." Tumebishana juani mpaka machungwa ya chini yakaanza kutoa maji. Nikalipa.

Sasa naomba ushauri. Halmashauri zote mbili ziko mkoa huuhuu, mbona hazisikilizani? Nimeandika barua kwa niaba ya wenzangu wanunuzi. Niipeleke kwa Mkuu wa Mkoa, kwa Katibu Tawala, au TAMISEMI moja kwa moja? Majina ya halmashauri sitaji, msinilazimishe. Mzigo wenyewe ulikuwa wa kawaida tu.

MzeeWaVikao:
Marahaba. Kwanza elewa kwamba mkoa haukusanyi ushuru. Kwa Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997, sekretarieti ya mkoa iko pale kuzishauri na kuzisaidia halmashauri. Ushuru ni mali ya halmashauri yenyewe, na msingi wake ni Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya 1982. Ushuru wa mazao unalipwa yalikovunwa, na mlipaji ni mnunuzi. Ukishalipa huko, geti la mbele kazi yake ni kukagua risiti na kukufungulia.

2017 waliushusha kutoka asilimia 5: mazao ya biashara 3, mazao ya chakula 2. Na mzigo usiozidi tani moja ukivuka halmashauri moja kwenda nyingine hautozwi.

Kwa hiyo nijibu mawili. Mzigo kilo ngapi? Risiti ni ya mashine?

BintiChumbageni:
Mkoa wa Tanga una halmashauri 11. Mbili ndio watuhumiwa, tisa zimeshaachiwa huru, ila hatujui zipi 😂

NaziMbili:
Pole mghosi. Mimi yalinikuta na nazi, miaka ile natoa mzigo pwani. Mzee wa geti akasema haamini hesabu yangu, anahesabu mwenyewe moja moja. Akifika mia mbili na ushee simu inaita, akimaliza kuongea ameshasahau, anaanza upya. Konda wangu akamfungulia dafu, akamfungulia na la pili. Tuliondoka usiku, na hesabu hakuimaliza. Nazi niliacha, sasa hivi niko kwenye viazi. Viazi navyo usiniulize.

UstadhMakorora:
Vijana mnapenda kulalamika. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inarudi kwenu kwa mikopo: wanawake 4, vijana 4, wenye ulemavu 2. Shilingi unayoikwepa wewe ndiyo aliyoikosa jirani yako. Lipa, uwe na amani na Mola wako.

ChungwaBichi:
Ustadh, mimi sijakwepa. Nimelipa mara mbili! Anayekwepa analipa mara mbili?

Mzee wangu, risiti ninayo. Machungwa hatupimi kilo, tunahesabu. Yalikuwa elfu ishirini.

MamaMizani:
Chungwa la wastani nikiliweka kwenye mizani yangu linacheza gramu mia mbili. Matano kilo moja. Elfu ishirini ni tani nne. Kwa hiyo "mzigo wa kawaida" wa tani nne, ule msamaha wa tani moja haukuhusu. Swali la pili la mzee umeliruka. Piga picha hiyo risiti, ziba jina lako, weka hapa.

ZigiJuu:
Mimi hainiingii akilini. Maji ya Jiji la Tanga yanatoka bwawa la Mabayani, mto Zigi, na Zigi unaanzia milima ya Amani huko Muheza. Kwenye maji watu wamekaa wakaelewana: mamlaka moja ya maji inahudumia Jiji, Muheza na Pangani, mpaka 2024 ikauza hatifungani ya kijani, yaani kukopa kwa wawekezaji kwa miradi inayojali mazingira, ya shilingi bilioni 53. Ishindikane kuitambua risiti ya machungwa?

BintiChumbageni:
Maji hayana geti dada.

ZigiJuu:
Mimi kaka.

ChungwaBichi:
Naona tunatoka kwenye mada. Nimeuliza barua iende wapi. Risiti mnaitakia nini?

KijanaWaSegera:
Hii ni chai, tena ya rangi. Risiti ya mashine hugeuzi nyuma, nyuma kuna nini? Dogo wa geti anayegeuza karatasi anatafuta mhuri. Nani anatoa risiti ya kitabu zama hizi za mashine? Halafu wakuu, huyuhuyu ChungwaBichi mwezi uliopita aliomba ushauri wa kufuga sungura Kibaha. Leo ana Fuso Tanga. Atakuwa mtu wa mapato anapima upepo humu.

NaziMbili:
Duh. Nikakumbuka ule uzi! Nilimshauri mabanda nikapoteza bando langu.

ChungwaBichi:
Sungura ni wa kaka yangu, tunatumia akaunti moja. Acheni dharau.

Haya, nasema. Risiti ni ya kitabu. Anayekusanya ushuru kule ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Alisema mashine haishiki mtandao, akaniandikia kwa mkono, akaahidi kuingiza jioni. Na aliniandikia tani moja na nusu, sio nne. Lakini pesa nimempa, hakunipa bure. Kila mnunuzi anafanya hivyo, na geti la mbele siku zote walikuwa wanapitisha. Kosa ni la lile geti kubadilika ghafla bila kutangaza.

MamaMizani:
Ehee.

UstadhMakorora:
Innalillahi.

BintiChumbageni:
Kwa hiyo umeandika barua kwa Mkuu wa Mkoa kumshtaki shemeji yako mwenyewe? 😂😂 Mke anajua?

ChungwaBichi:
Barua haimtaji. Inazungumzia mfumo. Mke hajui na hana haja ya kujua.

KijanaWaSegera:
Nasimamia chai. Shemeji ameingizwa baada ya kubanwa. Kesho tutaambiwa mkwe ndiye mweka hazina.

MzeeWaVikao:
Iwe chai iwe kweli, wapo wenye kisa kama hiki, nitajibu.

Barua ikifika mkoani haitasomwa na mtu mmoja ikafungiwa droo. Katibu Tawala ataishusha kwa wakurugenzi wote wawili watoe maelezo, na kitu cha kwanza kila mmoja atakachotaka ni nakala ya risiti na taarifa ya mashine ya siku hiyo. Usimtaje, atajitaja mwenyewe.

Hoja yako ya halmashauri kutosikilizana ni ya kweli, ila mlango wake ni mwingine. Sheria ya mamlaka za wilaya ya 1982 inaruhusu halmashauri mbili kuunda kamati ya pamoja kwa jambo linalowahusu wote. Mpelekee diwani wako, alipeleke kwenye baraza lake. Na kwenye Kamati ya Ushauri ya Mkoa, Mkuu wa Mkoa ndiye mwenyekiti, na wenyeviti wa halmashauri wanakaa humo na wabunge. Nimekaa nyuma ya vikao hivyo miaka. Kinachokwamisha ni kila mkurugenzi kupimwa kwa lengo lake la makusanyo. Mwenzake akivuka lengo, yeye hapati hata asante, sasa kwa nini amfungulie geti?

Shemeji aingize ile pesa kwenye mashine kwa tani zote nne, tofauti uiongeze wewe. Ukiwa na risiti halali, nenda kwa mweka hazina wa ile halmashauri ya pili ukadai chako. Barua isubiri.

ChungwaBichi:
Asante mzee wangu. Ila barua wenzangu wameshasaini, nikiirudisha nitaonekana nimenunuliwa. Na shemeji nikimgusa sasa hivi nyumbani hapatakalika, mama mkwe yuko kwangu kwa matibabu. Nafikiri nitaipeleka tu Jumatatu, nitoe ule mstari wa risiti.

MamaMizani:
Basi ulikuja kutuaga.

NaziMbili:
Mkuu, wale sungura waliendelea lakini?

DukaLaNgamiani:
Samahani kwa kuingilia. Kama yale machungwa yaliyotoa maji yalibaki, nachukua hata elfu mbili, nina mashine ya juisi.

ChungwaBichi:
Yapo. Njoo PM tuelewane.