Fainali, Radi na Mbuzi wa Mama Nasra

Mwenyekiti Kamati: Habari za mchana wana mtaa. Fainali ya kugombea mbuzi iko palepale, saa kumi kamili, uwanja wa shule. Mawingu yasiwatishe.

Mama Nasra: Mwenyekiti, umechungulia nje lakini? Huku kwangu giza kama saa moja usiku. Na huyu mbuzi wenu analia tangu asubuhi.

Sele namba 9: Shikamooni wakubwa. Watu wa hali ya hewa wametoa tahadhari tangu jana, mvua kubwa Dar, Pwani, Tanga mpaka visiwani. Siyo angalizo, ni TAHADHARI.

Babu Kitwana: Marahaba. Sisi tumecheza Jangwani maji magotini, mpira unaelea, unaupiga kwa kukisia. Hakuna aliyekufa.

Mama Nasra: Babu, goti lenyewe ndilo hilo unalolichua kila masika? 😂

Kocha Bondeni: Ichezwe. Uwanja tumelipia, refa nauli kashapewa, vijana wangu wawili Jumatatu wanarudi bweni. Tukiahirisha nani anafaidika? Timu ya Juu. Straika wao leo anatumikia kadi nyekundu, wiki ijayo yuko huru. Tusifanyane watoto.

Kapteni wa Juu: Kocha hiyo mvua nimeileta mimi?

Kocha Bondeni: Sijasema umeileta. Nasema imekukuta unaitamani.

Refa: Niko uwanjani. Upande wa choo mpira nimeudondosha mara tatu, mara mbili umedunda, mara moja umesema chwaa ukalala. Mistari ya chokaa inaonekana. Kwa maji peke yake naweza kuchezesha.

Kocha Bondeni: Umesikia Mwenyekiti! Refa kasema.

Refa: Nimesema kwa maji PEKE YAKE. Soma mpaka mwisho, Kocha.

Babu Kitwana: Hata Ulaya maji huwashinda. 2012 England wamekwenda Warsaw kucheza na Poland, uwanja una paa la kufunga, wakaliacha wazi, mvua ikashuka, uwanja ukawa bwawa. Wakacheza kesho yake, moja moja. Nilicheka sana siku ile.

Mama Nasra: Kwa hiyo Babu sasa uko upande gani?

Babu Kitwana: Niko upande wa kucheka.

Mwalimu Fizikia: Jamani, mnazungumza maji wakati hatari ni radi. Oktoba 1998 huko Kasai, Kongo, ziliripotiwa habari za radi kuua wachezaji 11 wa timu moja katikati ya mechi. Matokeo yalikuwa 1-1.

Bi Zuhura: Hiyo naikumbuka. Wenyeji hawakuguswa hata mmoja. Watu wakasema ni mambo ya kamati ya ufundi 👀

Mwalimu Fizikia: Bi Zuhura, mambo ya uchawi yaache. Radi ikipiga chini, umeme husambaa ardhini, hasa palipolowa. Aliyetanua miguu anapata shoti kubwa kuliko aliyebana. Mchezaji anayekimbia katanua muda wote. Halafu magoli yetu ni ya chuma, na uwanja mzima kitu kirefu ni ule mwembe.

Sele namba 9: Kombe la Dunia la vilabu 2025 Marekani, Chelsea na Benfica walisimamishwa dakika ya 86, wakakaa ndani karibu saa 2 nzima. Na pale hakuna radi iliyompiga mtu.

Kocha Bondeni: Asante mwanangu, umenisaidia. Chelsea alikuwa anaongoza 1-0. Walivyorudi, Benfica akapewa penalti akasawazisha. Kusimamisha mpira ni kuubadilisha!

Sele namba 9: Lakini kocha, Chelsea si alishinda 4-1 dakika za nyongeza?

Kocha Bondeni: Sele, kesho mazoezini utakimbia peke yako.

Refa: Umemulika sasa hivi. Nimehesabu mpaka 12, ikanguruma.

Mwalimu Fizikia: Sauti huchukua kama sekunde 3 kwa kilomita. Hiyo iko kilomita 4. Ikiwa chini ya sekunde 30, watu wote watoke.

Kocha Bondeni: Basi tuanze, ikikaribia tutoke. Dakika ngapi mtu kutoka uwanjani?

Mwalimu Fizikia: Kocha, Peru, Novemba 2024, refa ALIKUWA KASHASIMAMISHA mechi. Wachezaji wanatembea kutoka, radi ikawakuta palepale, mmoja akafa na wengine wakaumia. Walikuwa na filimbi, walichokosa ni muda.

Mama Nasra: Innalillahi.

Refa: Nimehesabu 6 hii.

Bi Zuhura: Jamani wajukuu zangu wametoka na jezi tangu saa nane, wako wapi???

Refa: Watoto kama 20 wamejibanza chini ya mwembe.

Mwalimu Fizikia: WATOE HAPO. Mlinzi afungue darasa la pili. Wasiegemee ukuta wala nondo za dirisha. Nani ana gari karibu?

Kapteni wa Juu: Mimi nipo na Noah, nakwenda kuwachukua.

Bi Zuhura: Mungu akuweke. Vioo upandishe.

(sauti, dakika 0:09, kutoka kwa Refa: filimbi, mvua, watoto wanapiga kelele)

Refa: Wote wako darasani. Nimehesabu, hawa ni 23. Mechi leo hakuna, na sijadili.

Mwenyekiti Kamati: Kamati inaungana na refa. Fainali Jumapili ijayo, saa kumi.

Kocha Bondeni: Na yule straika?

Mwenyekiti Kamati: Adhabu ni ya fainali, siyo ya tarehe. Jumapili atakaa nje vilevile.

Kapteni wa Juu: Haya. Hata hivyo tutawafunga.

Kocha Bondeni: Mngeniambia hilo la straika tangu saa saba, mimi nisingebishana na mtu. Kapteni, ahsante kwa watoto.

Mama Nasra: Hongereni. Sasa huyu mbuzi analala wapi wiki nzima? Kakata kamba kwa kuogopa radi, yuko sebuleni, kala pazia nusu. Mwenyekiti, njoo na majani.

Mwenyekiti Kamati: Nakuja mvua ikikata.

Mwalimu Fizikia: Dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho, Mwenyekiti.

Mama Nasra: Kwa dakika 30 pazia litakuwa limekwisha.