Majirani wa mtaa wa Shabab: nani anaweza kukaa na Talia mchana?

Mama Talia: Majirani hamjambo, naomba msaada jamani. Nimepata kazi ya keshia hapo tao, naingia saa mbili natoka saa kumi na moja, na Talia yuko PP2, hapo chekechea, wanawaachilia saa sita na nusu. Shida yangu ni hayo masaa ya mchana tu. Kuna mahali naweza kumwacha bila kulipia siku nzima??

Mama Brayo: Hongera ya kazi kwanza 🙏🙏

Mama Brayo: Mimi niliuliza dekea moja juzi, ni 200 ukimleta asubuhi na ukimleta mchana bado ni 200

Mama Talia: Ndio hiyo sasa. 200 kwa siku 22 ni 4,400 na bado kuna kodi na nauli

Baba Ivy: Si utafute msichana wa kazi

Mama Talia: Baba Ivy wa kulala kwangu ananiambia 8,000 na chakula juu, na mimi niko na chumba kimoja. Atalala wapi?

Baba Ivy: Kweli, hiyo sikuwa nimefikiria. Pole

Mama Talia: Na siwezi kumpeleka popote tu. Mwaka jana kuna mahali nilimwacha wiki mbili, nikienda kumchukua napata amelala saa hiyo ya jioni, kila siku amelala, nikauliza mbona, msichana akanyamaza. Mtoto mmoja mkubwa ndio aliniambia wanapewa dawa ya mafua ndio walale. Nililia njia yote mpaka kwa nyumba. Sikurudi tena.

Mama Brayo: Woi aki pole mama. Sasa Shosho wa mlango 7 je? Si yeye hukaa na mjukuu wake mchana

Shosho mlango 7: Nimeona. Tangu mguu uanze kunisumbua niko tu hapa. Watoto wawili watatu naweza, lakini zaidi ya hapo hapana, mtu mmoja hawezi kuangalia watoto kumi vizuri hata akidanganya namna gani

Mama Talia: Shosho asante sana. Naomba kuuliza na usikasirike, jiko unaweka wapi? Na akipata homa?

Shosho mlango 7: Uliza mama, huyo ni mtoto wako. Jiko la makaa liko nje, sijawahi kuliingiza ndani mtoto akiwa amelala, hewa yake ya sumu inaua mtu kimya kimya. Homa nakupigia simu. Dawa sitoi mimi, utatoa wewe

Shosho mlango 7: 80 kwa siku ukileta chakula chake. Nikipika mimi 120

Mama Talia: Nitaleta. Kwa mwezi ni 1,760, hiyo naweza 🙏

Mama Brayo: Lakini tuelewane mapema, Talia akikosa kuja siku moja Shosho alikuwa amejipanga, apewe hata nusu. Na mlipe kila Ijumaa msingoje mwisho wa mwezi, huko ndio watu hukosana na jirani. Na shule zikifunga Aprili ni siku nzima hiyo, haiwezi kuwa 80

Mama Talia: Ni haki kabisa. Shosho utasema ya siku nzima na ya midterm pia

Shosho mlango 7: Siku nzima 150

Mama Talia: Sawa. Imebaki tu nani atamtoa shule, mimi saa hiyo siwezi kuondoka kwa kaunta

Baba Ivy: Mimi huwa napita hapo na tuktuk kumchukua Ivy, ni geti moja. Namleta mpaka kwa mlango wa Shosho, unipe tu pesa ya mafuta

Baba Ivy: Lakini ongea na mwalimu, mtoto hapeanwi kwa mtu hajulikani na wako sawa kabisa

Mama Talia: Nitaenda Ijumaa asubuhi mwenyewe, nimwandikie jina lako, namba ya simu na ya kitambulisho, na Shosho awe wa pili kama wewe umekwama. Mungu awabariki, nimelala vibaya wiki nzima

Shosho mlango 7: Usimlete Jumatatu moja kwa moja. Jumamosi kuja naye ukae hapa kidogo, halafu utoke urudi, aone mama huenda na hurudi

Mama Talia: Saa nne tuko hapo. Anakula kila kitu, ata omena. Ni kuku tu anaogopa

Shosho mlango 7: Kuku wangu nitawafungia