GPA 2.6 mwaka wa kwanza: daraja la pili la juu bado linafikika?

Uliza_Kwanza
Wakuu, naomba hesabu, siyo kutiwa moyo. Chuo cha umma, shahada ya miaka mitatu, krediti 180 kwa jumla. Mwaka wa kwanza umekwisha: krediti 60, GPA (wastani wa pointi za gredi) 2.6 kwa kipimo cha 5, hakuna sapu (mtihani wa marudio). A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2. Daraja la pili la juu linaanzia 3.5, la kwanza 4.4. Je, 3.5 bado ipo? Na nguvu niiweke wapi, kwenye majaribio ya muhula au mtihani wa mwisho?

Rula_na_Penseli
Mkuu, achana na GPA kwanza, hesabu pointi. 2.6 mara 60 ni pointi 156. Ili umalize na 3.5 kwenye krediti 180 unatakiwa uwe na pointi 630. Zimebaki 474, na krediti za kuzitafutia ni 120. Gawanya: 3.95.

Kwa hiyo ipo, ila bei yake ni B+ kwa wastani hadi siku ya mwisho. Ukipata B kwenye kozi moja, unaifidia kwa A moja yenye krediti zilezile. Ukipata C, unahitaji A mbili. Hapo ndipo wengi wanapojidanganya, wanadhani A moja inafuta C moja.

Daraja la kwanza lisahau. Hata ukifagia A tupu kwenye krediti zote 120 utakuwa na pointi 156 + 600 = 756, gawa kwa 180 ni 4.2.

Na usiseme "muhula huu nizoee, ujao ndio nikaze". Tuseme muhula ujao una krediti 30 na ukapata 3.2. Hizo ni pointi 96, jumla 252. Zitabaki 378 kwenye krediti 90, yaani 4.2 kila muhula. Kipimo kimepanda kutoka B+ hadi mchanganyiko wa B+ na A, kwa muhula mmoja tu wa kuzubaa.

Kabla ya yote soma kanuni za mitihani za chuo chako uone kama miaka yote inahesabiwa sawa. Vyuo vingi vya Uingereza, kwa mfano, havihesabu mwaka wa kwanza kwenye daraja la mwisho. Vingine vinaupa uzito mdogo. Kama chuo chako ni hivyo, hesabu yote hapo juu inabadilika kwa faida yako.

Kijiwe_cha_Maktaba
Si rahisi tu achukue GPA za mihula, ajumlishe agawe kwa idadi ya mihula?

Rula_na_Penseli
Hapana, hiyo inafanya kazi pale tu mihula ina krediti sawa. Muhula wa krediti 24 ukapata 3.0, unaofuata wa krediti 36 ukapata 4.0: njia yako inatoa 3.5, jibu sahihi ni pointi 72 + 144 = 216 gawa 60, sawa na 3.6. Tofauti ya 0.1 inaweza kumshusha mtu daraja kwenye karatasi yake mwenyewe, au kumpa tumaini hewa.

Msahihishaji_B
Nijibu swali la majaribio na mtihani. Chukua mgawanyo wa alama 40 za majaribio ya muhula kwa 60 za mtihani wa mwisho, na A inaanzia 70. Ukiingia mtihani na 28 kati ya 40, unahitaji 42 kati ya 60, asilimia 70. Ukiingia na 18, unahitaji 52 kati ya 60, karibu asilimia 87. Mtihani wa mwisho una uzito mkubwa, lakini alama za muhula ndizo zinazoamua mtihani huo utakuwa mgumu kiasi gani kwako. Na alama hizo ni rahisi kuzipata: sehemu fupi ya silabasi, muda mrefu, mara nyingi na vitabu mkononi.

Wiki mbili kabla ya mitihani tengeneza jedwali: kozi, krediti, alama ulizonazo, alama unazohitaji kwa kila gredi. Kama chuo kinatumia ngazi, mwenye 61 na mwenye 69 wote wanapata pointi 4. Saa zako zipeleke kwenye kozi iliyo karibu na mstari na yenye krediti nyingi. Kuvuka ngazi moja kwenye kozi ya krediti 12 ni pointi 12, kwenye ya krediti 6 ni 6. Watu hukesha na kozi wanayoipenda, ambayo tayari wana A ndani yake. Vipo vyuo vinavyotoa pointi kwa desimali badala ya ngazi, huko kila alama ina thamani na mbinu hii haina maana.

Kusoma madesa (noti za kozi) mara nne ndiyo njia inayodanganya kuliko zote. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi matini wasome. Kundi moja liliisoma kwa vipindi vinne, jingine likaisoma kwa kipindi kimoja kisha likajipima mara tatu kwa kuandika linachokumbuka. Dakika 5 baadaye wasomaji waliongoza, asilimia 83 kwa 71. Wiki moja baadaye waliojipima walikuwa na 61, wasomaji 40. Ndiyo maana mtu anatoka maktaba anajiona ameiva, siku ya mtihani kichwa kitupu. Funga daftari, andika, kisha fungua urekebishe kwa kalamu ya rangi nyingine. Rudia baada ya siku chache.

Pasti pepa (mitihani ya miaka iliyopita) pia zifanyeni kwa saa, siyo kuzisoma na majibu pembeni. Mtihani wa saa 3 una dakika 180. Toa 15 za kusoma maswali na kupitia majibu, zinabaki 165 kwa alama 100. Swali la alama 20 ni dakika 33, basi. Dakika zikiisha, acha nafasi, nenda swali linalofuata. Alama 10 za mwanzo wa swali lolote hupatikana haraka kuliko 3 za mwisho za swali uliloling'ang'ania. Karatasi zinazoangusha watu wenye akili mara nyingi zina swali la kwanza la kurasa sita na la mwisho halijaguswa.

Dirisha_la_Nne
Niongezee upande wa ofisi, maana pointi hupotea huko pia.

Sapu: vyuo vingi huweka kikomo, hata ukipata 85 unaandikiwa alama ya kufaulu tu. Kozi ya krediti 12 iliyoishia C kwa sababu ya sapu badala ya B+ ni pointi 24 zimekwenda, sawa na 0.13 ya GPA yako ya mwisho. Kama unaumwa, omba kuahirisha kabla ya kuingia chumba cha mtihani, ukiwa na cheti cha daktari. Ukishakalia karatasi, ni vigumu mno kukubaliwa kwamba ulikuwa mgonjwa.

Alama zilizokosekana: tunza nakala ya kila kazi na uthibitisho wa kuiwasilisha hadi matokeo yaidhinishwe. Alama za muhula zikibandikwa, zikague siku hiyohiyo. Kurekebisha jaribio lililosahaulika kabla ya bodi ya mitihani kukaa ni kazi ya mhadhiri na kalamu. Baada ya hapo ni barua, saini na vikao. Muda wa kukata rufaa nao ni mfupi, na matokeo yasiyokamilika yasipofuatiliwa yanaweza kugeuka sifuri.

Uliza_Kwanza
Nimeelewa vizuri sana, asanteni. Moja la mwisho: andiko la utafiti la mwaka wa tatu nalo lina krediti?

Msahihishaji_B
Angalia mwongozo wa programu yako. Mara nyingi lina krediti nyingi kuliko kozi ya kawaida, na halina chumba cha mtihani, kwa hiyo kwako ni mahali pazuri pa kuvuna A. Linaharibika kwa kuchelewa, siyo kwa ugumu. Kibali cha kukusanya data kinaweza kula wiki nyingi, na msimamizi ana wanafunzi wengine. Mpelekee mada ya kurasa mbili mwishoni mwa mwaka wa pili, kisha sura mojamoja, siyo andiko zima wiki ya mwisho. Na mwombe mapema fomu ya usahihishaji uone alama zimegawanywaje. Mara nyingi uchambuzi wa data una alama nyingi kuliko mapitio ya maandiko, ila wanafunzi huandika kurasa 20 za mapitio na 4 za uchambuzi.